Kutoka Kiazi Kibichi hadi Kapsuli: Mimea ya Chakula Inayobeba Dawa

Dawa nyingi mpya zinazotolewa hospitalini siku hizi ni protini: insulini ya wagonjwa wa kisukari, kingamwili za kutibu saratani, vigandishi vya damu na chanjo kadhaa. Hutengenezwa kwa kupandikiza jeni katika bakteria, hamira au seli za wanyama, ambazo hulelewa ndani ya matangi yasiyoingiwa na uchafu wowote. Protini huchujwa na kusafishwa kwa hatua nyingi, hutiwa katika vichupa, husafirishwa kwenye ubaridi na mwishowe hudungwa kwa sindano. Haziwezi kumezwa hivi hivi, kwa sababu tumbo halibagui kati ya protini ya dawa na protini ya nyama au maharage, zote huzisaga.

Mimea ya chakula iliyobadilishwa kijenetiki ilifikiriwa kuwa njia ya kuepuka karibu gharama zote hizo kwa mkupuo mmoja. Mmea uliopewa jeni ya protini ya dawa hauhitaji tangi. Unahitaji udongo, maji na jua. Sehemu yake inayoliwa, iwe kiazi, punje au jani, hutengeneza dawa, huihifadhi na huipitisha mdomoni. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanasayansi wamelijaribu wazo hilo katika viazi, nyanya, ndizi, mahindi, mchele na letusi. Majaribio hayo yamethibitisha kwamba jambo lenyewe linawezekana. Yamethibitisha pia kwamba chakula kikishatiwa dawa hakiwezi tena kutendewa kama chakula.

Wazo lilikotokea

Mmea wa kwanza kupandikizwa jeni ya kiumbe kingine maabarani ulipatikana mwaka 1983. Miaka michache baadaye watafiti walikwisha kuonyesha kwamba seli za mimea zinaweza kusoma maelekezo ya jeni za wanyama na binadamu: mwaka 1989 mmea wa tumbaku ulitengeneza kingamwili kamili za panya. Kama tumbaku inaweza kutengeneza kingamwili, hakukuwa na sababu ya kibaiolojia ya kuzuia kiazi kisitengeneze chanjo.

Haja yenyewe ilitokana na hali ya chanjo duniani. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake wa kupanua utoaji wa chanjo mwaka 1974, na kikwazo kikubwa kikawa ni mnyororo wa ubaridi. Chanjo nyingi hazina budi kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8 tangu kiwandani hadi kwenye zahanati ya mwisho ya kijiji. Umeme ukikatika au barafu ikiyeyuka njiani, kazi yote inapotea. Sindano nazo hudai mhudumu aliyefunzwa, vifaa safi na mahali salama pa kutupia vilivyotumika. Mwaka 1990 mashirika ya kimataifa yalitoa wito wa kubuni chanjo za watoto zilizo rahisi, zisizoharibiwa na joto na zinazotolewa kwa mdomo.

Mtu aliyeliweka wazo la chanjo ya kula mbele ya ulimwengu ni Charles Arntzen, mtaalamu wa baiolojia ya mimea wa Marekani. Alipokuwa Bangkok, Thailand, alimwona mama akimtuliza mtoto kwa kipande cha ndizi, akajiuliza kwa nini tunda hilo lisibebe chanjo. Ndizi ilikuwa na kila sifa ya kuvutia: huota katika nchi za joto ambako chanjo zilihitajika zaidi, haihitaji kupikwa, ni laini kwa mtoto asiye na meno, na watoto huipenda. Mwaka 1992 Arntzen na wenzake, akiwemo Hugh Mason, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba tumbaku iliyopandikizwa jeni ya virusi vya homa ya ini aina ya B inatengeneza protini ya ganda la virusi hivyo, ikiwa imejikunja katika vijitufe vinavyofanana na vile vya chanjo iliyokuwa ikitengenezwa kwa hamira. Mwaka 1995 wakaonyesha kwamba panya waliolishwa viazi vyenye protini ya bakteria wa kuharisha walipata kingamwili dhidi ya protini hiyo.

Jeni inavyoingizwa

Njia inayotumika zaidi humtumia bakteria wa udongoni aitwaye Agrobacterium tumefaciens. Katika mazingira yake ya kawaida bakteria huyu hushambulia mimea kwa kuingiza kipande cha vinasaba vyake ndani ya seli za mmea, na mmea huota uvimbe. Wanasayansi huondoa jeni za uvimbe na kuweka mahali pake jeni wanayoitaka. Vipande vya jani au shina hulowekwa pamoja na bakteria, kisha hukuzwa katika sahani zenye virutubisho na homoni hadi seli zilizopokea jeni zichipue kuwa mimea kamili. Njia ya pili hutumia chembe ndogo mno za dhahabu au tungsteni zilizopakwa vinasaba, ambazo hurushwa kwa kasi kubwa hadi zipenye ndani ya seli.

Jeni peke yake haitoshi. Huambatanishwa na kipande cha vinasaba kinachoamua ifanye kazi wapi na kwa nguvu kiasi gani. Kipande kimoja huiamsha jeni katika kiazi tu, kingine katika punje ya mchele, kingine katika tunda linapoiva. Uchaguzi huo ni muhimu kwa sababu hakuna maana kuijaza dawa mizizi ambayo haitaliwa.

Mahali jeni inapokaa ndani ya seli pia huleta tofauti kubwa. Ikiingia katika kiini cha seli, hujipachika popote bahati inapoitupa, na mara nyingi protini inayopatikana ni chini ya asilimia 1 ya protini zote za mmea zinazoyeyuka. Ikiingizwa katika kloroplasti, yaani vile vijichembe vya kijani vinavyonasa mwanga wa jua, hali hubadilika. Seli moja ya jani ina kloroplasti nyingi, na kila kloroplasti ina nakala nyingi za vinasaba vyake, hivyo jeni moja inaweza kuwa na nakala zipatazo 10,000 katika seli moja. Mavuno ya protini hupanda mara nyingi. Kuna faida nyingine pia: katika mimea mingi ya mazao kloroplasti hurithiwa kupitia yai na si chavua, kwa hiyo jeni haipeperushwi kirahisi hadi shamba la jirani.

Safari ya tumboni

Dawa ya protini inayomezwa hukutana na vizuizi viwili: asidi ya tumbo na vimeng'enya vya kusaga chakula. Ugumu huu unaonekana wazi katika chanjo ya kipindupindu iitwayo Dukoral, ambayo haitokani na mimea. Ina bakteria waliouawa pamoja na sehemu B ya sumu ya kipindupindu, sehemu isiyo na madhara inayoshikamana na ukuta wa utumbo. Kwa kuwa asidi huivunja sehemu hiyo, mhudumu huyeyusha kwanza unga wa bikaboneti katika maji yapatayo mililita 150, huchanganya chanjo humo, kisha mtu hunywa yote. Mwaka 2009 Dukoral ilitolewa kwa dozi mbili katika maeneo ya Zanzibar yaliyokuwa yakisumbuliwa na kipindupindu, na uchunguzi uliofuata ulipima kinga ya asilimia 79 kwa waliochanjwa. Kampeni hiyo ilionyesha kwamba chanjo ya mdomo inalinda jamii vizuri. Ilionyesha vilevile kwamba hata chanjo isiyo na sindano inahitaji maji safi, vikombe, sanduku la ubaridi na mtu wa kupima.

Mmea una ulinzi wake wa asili. Kila seli ya mmea imezungukwa na ukuta wa selulosi, na vimeng'enya vya binadamu haviwezi kuisaga selulosi. Ndiyo maana punje ya mahindi isiyotafunwa hutoka mwilini ikiwa nzima. Protini iliyofungiwa ndani ya kuta hizo hupita tumboni ikiwa imekingwa kwa kiasi, na huachiliwa polepole utumboni, ambako bakteria wana vimeng'enya vya kubomoa selulosi. Katika nafaka ulinzi huwa mara mbili, kwa sababu punje huhifadhi protini zake katika vifuko vigumu ndani ya seli.

Utumbo wenyewe ni mahali pazuri pa kufundishia kinga. Sehemu kubwa ya seli za kinga za mwili hukaa kandokando yake. Katika utumbo mwembamba kuna mabaka ya tishu za kinga yaliyofunikwa na seli maalumu zinazonyakua vipande vya vitu vinavyopita na kuvikabidhi kwa seli za kinga zilizo chini. Zikitambua kuwa kitu hicho ni adui, seli hizo huanza kutengeneza kingamwili aina ya IgA, ambayo hutolewa katika ute wa utumbo, mate, mapafu na maziwa ya mama. Sindano ya mkononi huamsha zaidi kingamwili za damuni. Kwa magonjwa yanayoingilia mdomoni, kama kipindupindu na kuharisha, mlinzi anayefaa zaidi ni yule anayesimama mlangoni.

Viazi vibichi vya Baltimore

Jaribio la kwanza la binadamu liliruhusiwa na mamlaka ya dawa ya Marekani na kufanywa katika Chuo Kikuu cha Maryland, mjini Baltimore. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1998. Watu wazima 14 waliojitolea walikula viazi mviringo vibichi vilivyomenywa na kukatwakatwa, gramu 50 au 100 kwa dozi. Kumi na mmoja kati yao walipewa viazi vyenye sehemu B ya sumu ya bakteria E. coli wa kuharisha, protini inayofanana sana na ile ya kipindupindu. Watatu walipewa viazi vya kawaida. Kumi kati ya wale 11 waliongezeka kingamwili za damuni mara nne au zaidi, na 6 waliongezeka kingamwili za utumboni. Kwa mara ya kwanza mtu alipata kinga kwa kula mmea.

Majaribio mawili yaliyofuata yalileta picha yenye mchanganyiko zaidi. Mwaka 2000 kulichapishwa matokeo ya viazi vyenye protini ya ganda la virusi vya Norwalk, vinavyosababisha kutapika na kuharisha. Seli za kutengeneza IgA ziliongezeka kwa watu 19 kati ya 20, lakini ni 4 tu waliopata kingamwili za IgG damuni. Mwaka 2005 yakaja matokeo ya homa ya ini aina ya B. Wahudumu wa afya waliokuwa wamechanjwa zamani kwa sindano walikula gramu 100 za viazi vibichi kila dozi. Kingamwili ziliongezeka kwa watu 10 kati ya 16 waliokula dozi tatu, na 9 kati ya 17 waliokula dozi mbili. Hakuna aliyeongezeka miongoni mwa waliokula viazi vya kawaida.

Takwimu hizo zilikuwa habari njema kwa mwanasayansi na tatizo kwa daktari. Chanjo ya sindano ya homa ya ini inayotolewa kwa mtu mzima mwenye afya huzaa kinga kwa watu wengi zaidi ya hao, na hapa wahusika walikuwa tayari wana kumbukumbu ya kinga kutokana na chanjo ya zamani. Isitoshe, hakuna mtoto atakayekubali kula robo sahani ya viazi vibichi mara tatu. Kuvipika ni suluhisho nusunusu: watafiti wa Loma Linda, California, walivichemsha viazi vyenye sehemu B ya sumu ya kipindupindu hadi vikalainika, wakakuta karibu nusu ya protini imebaki katika umbo lake. Protini nyingine huvumilia joto kwa kiasi kidogo kuliko hiyo au hazivumilii kabisa.

Kwa nini ndizi haikufika zahanati

Ndizi nayo ilileta matatizo yake. Aina zinazoliwa hazina mbegu na hazichavuki, jambo lililozuia hatari ya jeni kusambaa lakini pia lililofanya kuziboresha kwa kuzichavusha kuwe kugumu. Mgomba huchukua mwaka mmoja au zaidi kabla ya kutoa mkungu, kwa hiyo kila jaribio lilichukua muda mrefu. Watafiti wa Kituo cha Utafiti wa Atomiki cha Bhabha, India, waliweza kutengeneza mimea ya migomba yenye protini ya homa ya ini mwaka 2005, lakini kiasi kilikuwa kidogo. Ndizi pia ina protini chache kwa asili yake, na ikishaiva huoza katika siku chache.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa ni kipimo. Chanjo haina budi kutolewa kwa kiasi kinachojulikana. Ndizi za mkungu mmoja hutofautiana ukubwa, na ndizi ya juu huiva kabla ya ile ya chini. Kiasi cha protini hubadilika kwa mvua, mbolea, ukomavu na muda wa kukaa baada ya kukatwa. Aliyekula kidogo hatapata kinga, na atadhani analindwa.

Aliyekula nyingi, au mara nyingi, anaweza kupata kinyume cha alichokusudia. Mwili una desturi ya kuvumilia vitu vinavyopita tumboni kila siku, la sivyo kinga ingepigana na ugali, samaki na maziwa. Wataalamu huiita desturi hiyo uvumilivu wa mdomo. Protini ya chanjo ikiliwa mfululizo bila kichocheo cha kuiamsha kinga, mwili unaweza kuizoea kama unavyozoea chakula, na kijidudu chenye protini hiyo kikija baadaye kikakuta mlinzi ameacha lindo. Hii ndiyo sababu chanjo ya kula haiwezi kuuzwa sokoni kwa fungu wala kupandwa nyuma ya nyumba. Lazima itolewe kwa ratiba na mhudumu anayejua nani amekula nini, na lini.

Kufikia katikati ya miaka ya 2000 watafiti wengi, Arntzen akiwa mmojawapo, walikuwa wameacha kuzungumzia tunda la kuchuma na kula. Mwelekeo mpya ukawa ni kuvuna sehemu ya mmea, kuikausha, kuisaga, kuchanganya mavuno ili kiasi kilingane, kupima protini kwa kila gramu, kisha kufungasha unga katika pakiti au kapsuli. Protini haihitaji kutenganishwa na mmea, kwa hiyo gharama ya kusafisha inaepukwa, na unga mkavu hauhitaji friji. Kilichopotea ni ile ndoto ya dawa inayojiotea yenyewe.

Mchele wa Japani

Mfano uliofika mbali zaidi katika njia hiyo ni mchele wa Chuo Kikuu cha Tokyo, unaojulikana kama MucoRice. Kikundi cha Hiroshi Kiyono kiliingiza jeni ya sehemu B ya sumu ya kipindupindu katika mpunga, na mwaka 2007 kikachapisha matokeo yanayoonyesha kwamba protini ilijikusanya ndani ya vifuko vya punje, ikahimili vimeng'enya vya tumbo katika vipimo vya maabara, na ikakaa zaidi ya mwaka mmoja katika joto la kawaida bila kuharibika. Panya waliolishwa unga wake walilindwa dhidi ya sumu hiyo. Baadaye watafiti walizima jeni za baadhi ya protini za asili za punje ili kuipa nafasi protini ya chanjo.

Mpunga huo haukupandwa shambani. Uliota ndani ya jengo lililofungwa, mizizi ikiwa katika maji yenye virutubisho, kwa masharti ya usafi yale yale yanayotakiwa katika kiwanda cha dawa. Punje zilikobolewa, zikasagwa kuwa unga laini na kufungashwa katika pakiti. Wakati wa kutumia, unga huchanganywa na kimiminika na kunywewa.

Matokeo ya jaribio la kwanza la binadamu yalichapishwa mwaka 2021. Wanaume 60 wenye afya walishiriki. Nusu yao walipewa chanjo ya gramu 1, 3 au 6 za unga, mara nne, kila baada ya wiki mbili, na nusu nyingine wakawa kikundi cha kulinganisha. Hakukuonekana madhara makubwa yaliyotokana na chanjo, na kingamwili ziliongezeka kadiri dozi ilivyoongezeka. Hata hivyo, watu 11 kati ya 30 waliochanjwa walipata kinga ndogo au hawakupata kabisa. Watafiti walipochunguza vinyesi vyao waligundua kwamba waliopata kinga nzuri walikuwa na bakteria wa utumboni wa aina nyingi zaidi. Ugunduzi huu ni wa maana kwa Afrika na Asia Kusini, ambako chanjo za mdomo zilizopo, kama za polio na rota, zimekuwa zikifanya kazi kwa kiwango cha chini kuliko Ulaya na Marekani. Chanjo ya kula haitaweza kuikwepa tofauti hiyo kwa kuwa imetoka katika mmea. Itabidi ijaribiwe kwa watu itakaowahudumia.

Japani ndiko pia kulikotengenezwa mchele wa kupunguza mzio wa chavua ya mti wa mwerezi, unaowasumbua Wajapani wengi kila majira ya kuchipua. Wenye kuubuni walitaka uwe mchele wa kula tu, sahani moja kwa siku. Mamlaka za afya zilishikilia kwamba kitu kinachokusudiwa kutibu ugonjwa ni dawa, na kitapita katika majaribio ya dawa.

Uvumilivu unapogeuka tiba

Uvumilivu wa mdomo, ulio kizuizi kwa chanjo, ni msaada katika magonjwa mengine. Mzio huo wa chavua ni mfano mmoja: lengo ni kuizoesha kinga isishtuke. Mfano mwingine ni hemofilia B, ugonjwa wa kurithi ambao damu haigandi vizuri kwa kukosa protini iitwayo kigandishi IX. Wagonjwa hudungwa protini hiyo, lakini baadhi yao, kwa kuwa miili yao haijawahi kuiona, huitendea kama adui: hutengeneza kingamwili za kuizima, na wengine hupata mshtuko wa mzio unaoweza kuua.

Henry Daniell wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na Roland Herzog waliingiza jeni ya kigandishi IX, ikiwa imeunganishwa na ile sehemu B ya sumu ya kipindupindu, katika kloroplasti za letusi. Majani yalikaushwa kwa kugandishwa, yakasagwa na kutiwa katika chakula cha mbwa wenye hemofilia B. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, mbwa watatu kati ya wanne waliolishwa unga huo walipodungwa kigandishi baadaye hawakukipinga kwa nguvu. Mbwa wa kulinganisha walitengeneza kingamwili za kukizima. Letusi haikuchukua nafasi ya sindano. Iliiwezesha sindano ifanye kazi.

Zipo pia protini ambazo kwa asili zimeumbwa zistahimili tumbo, na hizi hurahisisha kazi. Laktoferini na laisozaimu hupatikana katika maziwa ya mama na humsaidia mtoto kupambana na vijidudu. Kampuni ya Ventria Bioscience ya Marekani ilizitengeneza ndani ya punje za mchele. Mjini Lima, Peru, watoto 140 wenye kuharisha walishiriki katika jaribio. Waliopewa maji ya chumvi na sukari yenye protini hizo waliharisha kwa wastani wa siku 3.67, na wenzao siku 5.21. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007, lakini kabla ya hapo kulizuka malalamiko nchini humo kuhusu kama wazazi walielezwa vya kutosha. Nchini Marekani kwenyewe mpango wa kampuni hiyo wa kulima mchele huo Missouri ulipingwa mwaka 2005 na wakulima na wanunuzi wa mchele, walioogopa kuchanganyika kwa mazao.

Hatari ya kuchanganyika

Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Mwaka 2001 kampuni ya ProdiGene ya Texas ilipanda katika shamba la majaribio la Nebraska mahindi yaliyobadilishwa ili kutengeneza protini ya dawa. Mwaka uliofuata shamba lile lile lilipandwa soya, na punje zilizodondoka msimu uliopita zikaota zenyewe katikati ya soya. Hazikung'olewa kwa wakati. Mabaki ya mahindi hayo yalivunwa pamoja na soya na kupelekwa ghalani katika mji wa Aurora, yakachanganyika na takriban busheli 500,000 za soya, kama tani 13,600. Wakaguzi walilifunga ghala kabla shehena haijaingia katika chakula, na soya yote ikateketezwa. Kampuni ilitozwa faini ya dola 250,000 na kubeba gharama za usafishaji zilizofikia dola milioni 3 hivi.

Kisa hicho kilionyesha kwamba hatari haitoki maabarani tu. Inatoka katika mambo ya kawaida ya kilimo, kama punje zinazodondoka, trekta lisilosafishwa, ghala la pamoja na upepo. Kwa Afrika Mashariki somo ni zito zaidi. Mahindi huchavushwa na upepo, mashamba yamepakana, na wakulima wengi huweka mbegu za msimu ujao kutoka katika mavuno yao. Mahindi yenye dawa hayatofautiani kwa rangi wala ladha na yale ya ugali. Ndiyo maana wataalamu wengi wanashauri dawa zitengenezwe katika mimea isiyoliwa, au katika mimea ya chakula inayokuzwa ndani ya majengo yaliyofungwa, au katika kloroplasti, ambako chavua haibebi jeni.

Hali ilivyo

Dawa zitokanazo na mimea iliyobadilishwa zimekwisha kuwafikia wagonjwa, ila kwa sindano na dripu. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Elelyso, kimeng'enya cha kutibu ugonjwa wa Gaucher kinachotengenezwa na kampuni ya Protalix ya Israeli katika seli za karoti. Seli hizo hulelewa katika vyombo maalumu, si shambani. ZMapp, mchanganyiko wa kingamwili dhidi ya Ebola uliotengenezwa katika jamii ya tumbaku, ulitumiwa kwa wagonjwa wachache mwaka 2014. Ulipojaribiwa rasmi mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2018 na 2019, karibu nusu ya waliopewa walifariki, wakati dawa mbili nyingine zilipunguza vifo hadi kama theluthi moja, na ukaondolewa. Kanada iliidhinisha mwaka 2022 chanjo ya UVIKO-19 iliyotengenezwa na Medicago katika jamii ya tumbaku, lakini kampuni hiyo ilifungwa mwaka uliofuata.

Kwa upande wa kula, hadi katikati ya miaka ya 2020 hakuna chanjo ya mmea uliobadilishwa kijenetiki iliyoidhinishwa kwa binadamu mahali popote. Sababu si kwamba mimea imeshindwa kutengeneza protini. Majaribio ya binadamu ni ghali. Kampuni kubwa tayari zina viwanda vya njia za zamani. Walengwa wengi ni watu maskini wasioahidi faida. Na mjadala wa mazao yaliyobadilishwa kijenetiki (GMO) umezifanya serikali nyingi ziwe na tahadhari. Kenya ilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO mwaka 2012 na kuiondoa marufuku mwaka 2022, uamuzi uliopingwa mahakamani. Mabishano hayo yamehusu chakula, na sheria zilizotungwa kwa ajili ya chakula hazijibu maswali ya dawa: nani apime dozi, nani aandike tarehe, nani awajibike mgonjwa akidhurika.

Nchi itakayotaka kunufaika na teknolojia hii inahitaji kuamua mambo hayo kabla ya mbegu ya kwanza kupandwa: mmea uote ndani ya uzio, mavuno yapimwe kama dawa, na unga utolewe na mhudumu wa afya kwa kadi na ratiba. Masharti hayo yakitimizwa, chanjo kavu isiyohitaji friji wala sindano itakuwa msaada mkubwa kwa zahanati za vijijini. Yasipotimizwa, ni afadhali kiazi kibaki kiazi.